Programu ya kusimamia miradi: ofisi ndogo ya usanifu ianzie kwenye ankara

Wateja wetu wengi ni watu wa duka, wa boda na wa soko, lakini wapo pia wanaochora nyumba. Ofisi yenye wasanifu majengo wawili, mchoraji mmoja na karani, ghorofa ya tatu mahali kama Ngara au Nakuru mjini, ina Paybill yake na inapokea malipo ya wateja kwa simu kama biashara nyingine yoyote. Swali la ofisi kama hiyo huwa ni moja: tununue programu gani ya kusimamia miradi? Trello? Asana? ClickUp? Au zile zilizotengenezwa Marekani kwa ajili ya ofisi kama za wasanifu, kama Monograph na BQE Core? Mara nyingi anayeuliza huwa ameshatazama video tatu nne mtandaoni na amechanganyikiwa kuliko alipoanza.

Maoni yetu hayatawafurahisha wauzaji wa programu. Kwa ofisi ya watu wanne, programu inayofaa ni ile itakayokuambia, siku ile awamu ya kazi inapoisha, kwamba ankara ya awamu hiyo bado haijatumwa. Mengine yote, chati, rangi, kalenda, picha za kila mfanyakazi, yanaweza kungoja. Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo, na huenda tunaona kila kitu kupitia dirisha la pesa. Soma kwanza, halafu utuhukumu.

Mwenye duka hulipwa papo hapo. Msanifu hulipwa kwa awamu, na kati ya awamu moja na nyingine panaweza kupita miezi. Kuna mazungumzo ya mwanzo na mteja, mchoro wa awali, mchoro kamili, michoro ya kuombea kibali, zabuni, halafu usimamizi saiti mpaka nyumba ikabidhiwe. Hapa Kenya masharti ya kazi na ada za wasanifu yana msingi katika Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji, Sura 525, na wengi wetu tumezoea kuona mkataba unaogawa malipo kulingana na hatua hizo. Kwenye karatasi mambo ni safi. Shida iko kwenye ile nafasi kati ya “tumemaliza” na “tumedai”.

Chukulia nyumba ya kuishi kule Ruiru. Mmekubaliana shilingi 480,000, zilipwe mara nne, 120,000 kila mara. Awamu ya pili imekamilika tarehe 15 Machi. Siku hiyo msanifu yuko Kitengela anabishana na fundi kuhusu ngazi. Karani hajui kama awamu imeisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mteja naye hawezi kulipa kitu ambacho hajadaiwa. Ankara inatoka tarehe 20 Aprili. Hapo umempa mteja mkopo wa 120,000 kwa zaidi ya mwezi mmoja bila riba, wakati wewe mwenyewe unakopa kwa simu ili ulipe mishahara. Kosa si la mteja, na si la karani pia. Hakukuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba awamu ya pili imefungwa na zamu ya ankara imefika.

Kwa hivyo, kabla hujalipia programu yoyote, chukua karatasi. Andika miradi yote iliyo hai. Mbele ya kila mradi andika awamu zake, kiasi cha kila awamu, na vitu vitatu: imekamilika lini, ankara imetumwa lini, pesa zimeingia lini. Ofisi ya watu wanne haina miradi mia moja. Ina minane, labda kumi na miwili. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Ukimaliza utaona mashimo yako yako wapi, na kuna ofisi zitakazogundua kwamba jedwali hilo likihamishiwa Excel au Google Sheets ndilo programu waliyokuwa wanaitafuta. Hilo si jambo la aibu hata kidogo. Jedwali linalojazwa kila Ijumaa linaishinda programu ya maelfu ya shilingi ambayo hakuna anayeifungua.

Lakini jedwali lina mwisho wake. Watu wawili wakilihariri kwa wakati mmoja bila utaratibu, mmoja anafuta ya mwenzake. Halikumbushi mtu, na halijui mchoro upi ndio wa mwisho. Ukifika hapo, sasa nenda sokoni.

Sokoni utakutana na makundi mawili makubwa. La kwanza ni zile programu za kila mtu: Trello na mbao zake za kadi, Asana, ClickUp, Notion, na OpenProject ambayo msimbo wake uko wazi. Hizi hazijui usanifu ni nini. Lazima uzifundishe wewe: kadi moja kwa kila awamu, safu moja ya “imekamilika, haijadaiwa”, na moja ya “imedaiwa, haijalipwa”. Kama ungetuuliza ni safu gani mbili tu ubaki nazo, tungekwambia hizo. La pili ni programu za wasanifu. Zinaelewa awamu, ada na saa za kazi tangu mwanzo, na kwa kweli inapendeza kuona programu inayojua kwamba mradi una bajeti ya saa. Tatizo ni kwamba zimejengwa kwa ofisi za kwao. Hazikutengenezwa zikifikiria Paybill, kodi ya zuio au eTIMS.

Hii eTIMS tuiongelee kidogo, maana hapo ndipo watu huumia. Tangu Januari 2024, mteja wako mwenye biashara hawezi kudai gharama kwenye kodi yake kama ankara haikupitia mfumo huo wa KRA, isipokuwa kwa mambo machache yaliyosamehewa. Kwa hivyo ile ankara nzuri yenye nembo yako, inayotolewa na programu ya ng’ambo, ni barua tu ya kumkumbusha mteja. Mhasibu wake ataiweka kando na kukuomba nyingine. Usilipie zaidi ili kupata sehemu ya kutengeneza ankara ambazo utalazimika kuziandika upya kwingine. Kinachohitajika ndani ya programu ni nambari ya ankara ya eTIMS, tarehe yake na kiasi. Basi.

Halafu kuna kodi ya zuio. Mteja wako akiwa kampuni, hukata asilimia 5 ya ada ya kitaalamu na kuipeleka KRA kwa niaba yako. Ankara ni 120,000, lakini kwenye simu unaona 114,000. Programu isiyojua jambo hili itakuonyesha kwamba mteja bado ana deni la 6,000, na karani mwenye bidii atampigia mteja kumdai. Mteja atakasirika, na ana haki. Zile 6,000 hazijapotea. Zinadaiwa kwa cheti, na cheti hicho ndicho utakachotumia kupunguza kodi yako mwisho wa mwaka. Uliza muuzaji swali hili moja: naweza kuongeza safu yangu mwenyewe niiite “cheti cha zuio kimefika”? Akisema haiwezekani, endelea kutafuta.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tunalijua kuliko muuzaji yeyote wa programu. Pesa zinaingiaje, na zinajitambulishaje?

Ofisi nyingi ndogo bado zinapokea malipo kwa nambari ya simu ya mwenye ofisi. Ujumbe wa malipo unaingia katikati ya pesa za chama, karo na marejesho ya rafiki. Nyingine zina Till, ambayo ni rahisi kuipata na inafaa sana dukani, lakini Till haimwombi mlipaji aandike nambari ya akaunti. Unaona jina na kiasi tu. Kama mke ndiye aliyelipa kwa niaba ya mume, au meneja kwa niaba ya kampuni, unabaki kukisia. Kwa kazi ya awamu, Paybill ndiyo inayofaa, kwa sababu ya hiyo nafasi ya nambari ya akaunti ambayo wengi huijaza kwa neno “ada” au jina la mtoto.

Itumie vizuri. Ipe kila kazi msimbo mfupi: RUI04 kwa mradi wa nne wa Ruiru, na nambari ya awamu mwishoni, hivyo awamu ya pili inakuwa RUI042. Msimbo huo huo uandikwe kwenye kadi ya programu, kwenye ankara, kwenye jina la faili la mchoro, na mteja aambiwe auweke kama nambari ya akaunti anapolipa. Ukipakua taarifa ya Paybill mwisho wa wiki na kuifungua kwenye Excel, malipo yanajipanga yenyewe kwa mradi na kwa awamu. Huhitaji kuunganisha mitambo wala kuajiri mtu wa kompyuta. Wako watakaokwambia ununue programu inayounganishwa moja kwa moja na malipo. Ni jambo zuri kama una ankara mia mbili kwa mwezi. Kama una kumi, msimbo mfupi unatosha, tena hauna malipo ya kila mwezi.

Jambo dogo hapo hapo: kwa M-PESA, tangu Agosti 2023 muamala mmoja unaishia shilingi 250,000. Awamu kubwa kuliko hiyo italipwa vipande viwili au kwa benki. Programu yako ikubali malipo ya nusu nusu dhidi ya ankara moja. Ziko ambazo zinajua hali mbili tu, imelipwa au haijalipwa.

Na usichanganye pesa zako na pesa za mteja. Msanifu mara nyingi hupokea fedha za kulipia kibali cha kaunti au ada nyingine za idhini, halafu yeye ndiye anayelipa. Hizo si mapato yako. Zikiingia kwenye safu moja na ada ya usanifu, mwezi utaonekana mnono kumbe pesa zinapita tu. Zipe msimbo wake, RUI04K kwa mfano, K ya kibali, na uweke risiti ya kaunti kwenye kadi siku ile ile.

Tumesema sana kuhusu pesa zinazoingia. Kuna zile zinazotoka bila mtu kuziona, nazo zinatoka kupitia michoro. Ukweli ni kwamba programu ya kusimamia miradi inayotumika zaidi katika ofisi ndogo za Kenya inaitwa WhatsApp. Kundi lina mteja, mkandarasi, fundi, mhandisi na shemeji wa mteja ambaye hakuna anayejua kazi yake. Mchoro unatumwa Jumatatu. Jumatano mteja anataka choo kihamie upande wa pili, mchoro mpya unatumwa, na jina la faili ni “final”. Ijumaa unatumwa mwingine, “final mpya”. Fundi aliyeko saiti, mwenye bando la mwisho la siku, anafungua ule uliokwisha kupakuliwa kwenye simu yake. Ni ule wa Jumatatu. Msingi unachimbwa.

Nani atalipa kuubomoa? Hilo ndilo swali ambalo programu nzuri inapaswa kukusaidia kulijibu. Si kwamba itazuia ubishi, ila itakuwa na tarehe: mchoro RUI04, toleo C, umetolewa siku fulani, umepokelewa na fulani, toleo B limefutwa siku hiyo hiyo. Kwa mtazamo wetu hili ni hitaji la pili kwa umuhimu baada ya ankara, na linazishinda chati zote za Gantt duniani. Kama programu haiwezi kuficha toleo la zamani na kuonyesha la mwisho tu kwa mtu aliye saiti, basi fundi wako anategemea bahati.

WhatsApp haitaondoka, na kujaribu kuiondoa ni kupoteza nguvu. Iache kwa mazungumzo na picha za maendeleo. Michoro isitumwe humo kama faili. Tuma kiungo kinachoelekea mahali palipo na toleo moja tu la mwisho. Na kila badiliko analoomba mteja humo ndani lihamishwe siku hiyo kwenye kadi ya mradi, na saa zilizotumika ziandikwe. Mabadiliko matatu ya bure ni ukarimu. Yakifika kumi na matano umefanya awamu nzima bila malipo, na bila kumbukumbu huwezi hata kumwambia mteja kwa heshima.

Jaribio la programu lifanywe saiti, si mbele ya kompyuta yenye intaneti ya fiba. Chukua mradi mmoja ulio hai, uendeshe kwa programu hiyo kwa wiki sita, na umpe simu mchoraji mdogo kuliko wote ofisini. Anaweza kuandika saa zake kwa chini ya dakika moja akiwa kwenye matatu? Mchoro unafunguka kwa mtandao dhaifu wa Kajiado? Mhandisi wa nje anaweza kuona kazi yake bila wewe kulipia kiti kingine? Programu nyingi huhesabu bei kwa kila mtumiaji, na kazi ya usanifu ina wageni wengi: mhandisi wa miundo, wa umeme, mkadiriaji gharama. Kama kila mgeni ni kiti cha kulipiwa, ofisi ya watu wanne inalipa kama ya watu tisa.

Bei yenyewe ihesabu kwa shilingi, na uihesabu vibaya kidogo kwa makusudi. Tuseme programu ni dola 10 kwa mtu kwa mwezi. Watu wanne ni dola 40. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni 5,200. Ongeza VAT ya asilimia 16 inayotozwa huduma za kidijitali kutoka nje, unafika 6,032 kwa mwezi. Mapema 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Kwa bei hiyo programu ile ile inakuwa 7,424, na hujaongeza hata mfanyakazi mmoja. Kwa sababu hiyo tunashauri mwaka wa kwanza ulipe mwezi kwa mwezi, hata kama punguzo la kulipia mwaka mzima linavutia. Punguzo hilo lina faida kwa anayejua atabaki. Wewe bado hujui.

Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu yako, kumbuka usajili hujirudia wenyewe. Ukiacha kutumia programu, ghairi ndani ya programu kwanza. Kuacha kuifungua tu hakusimamishi makato. Weka kwenye kadi hiyo kiasi cha mwezi mmoja, si zaidi.

Kabla ya kuingiza hata mradi mmoja, jaribu kutoka. Bonyeza mahali pa kupakua data zako zote uone unapata nini. Ukipata faili za kawaida zenye miradi, tarehe, kiasi na viambatisho, vizuri. Ukipata picha za kurasa tu, achana nayo. Kumbukumbu za kodi unatakiwa kuzihifadhi miaka 5, na dai la mkataba linaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6. Programu nyingi changa hazitaishi muda huo, na hata zikiishi, huenda wewe utakuwa umeacha kulipa. Pakua nakala kila robo mwaka na uiweke mahali pako.

Humo ndani mna majina, nambari za simu na ramani za nyumba za watu, kuanzia mlango wa nyuma hadi chumba cha kulala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama ofisi yako ina madawati matatu. Mfanyakazi akiondoka, aondolewe kwenye programu siku hiyo, na pia kwenye Paybill kama alikuwa na ruhusa ya kuona malipo. Nambari ya siri ya simu au ya akaunti ya malipo isiandikwe kamwe kwenye kadi ya mradi, hata ile mnayoiita ya siri ya ofisi.

Na kuna wizi mmoja ambao ofisi za ada kubwa huvutia. Mtu anapata ankara yenu, anaiiga, anabadilisha nambari ya Paybill, na kumtumia mteja ujumbe kwamba “tumehamia nambari mpya”. Mwambie kila mteja siku ya kusaini mkataba kwamba nambari yenu haitabadilishwa kwa ujumbe, na kwamba akipata taarifa ya aina hiyo apige simu ofisini kwa nambari iliyo kwenye mkataba. Aangalie pia jina linalotokea kwenye simu kabla malipo hayajakamilika. Kama jina si la ofisi yenu, asilipe, na awapigie mkiwa bado mnaweza kumsaidia.